Lubumbashi Ilidai Picha Zake

Mtu anayependa upigaji picha akitaka kuwaambukiza majirani zake mapenzi hayo, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kamera. Atasaka mfadhili, atanunua kamera kumi au ishirini, atawakusanya vijana wa mtaa kwenye ukumbi wa parokia, atawafundisha mambo ya mwanga na umbali, na baada ya wiki mbili picha zitatundikwa ukutani, soda zitanywewa na hotuba zitasomwa. Mpango wa namna hiyo una nia njema na mara nyingine huzaa matunda. Hata hivyo umeanzia mkiani, kwa maana unachukulia kwamba jamii haina picha, haijui picha, na imekaa ikisubiri kuletewa. Mji wa Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unatoa ushahidi wa kinyume chake. Huko upigaji picha umekuwa jambo la mji, la kubishaniwa na la kuwaleta wageni kutoka mabara mengine, kwa sababu kundi dogo la vijana lilianza na swali lililotangulia kamera: picha tulizokwisha kupigwa ziko wapi, anazishika nani, na zinasema nini juu yetu?

Swali hilo lina uzito wa pekee Katanga kwa sababu mji wenyewe ulikulia mbele ya kamera. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Élisabethville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri lililojengwa kando ya mto Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kampuni ilipiga picha kila kitu: mitambo, reli, hospitali, shule, kambi za wafanyakazi, wanaume waliopangwa mstari. Picha hizo zilikuwa na kazi ya kufanya. Ziliwahakikishia wenye hisa huko Brussels kwamba fedha yao imetua mahali salama, na ziliwaonyesha Wabelgiji wa kawaida kwamba koloni lao linatunzwa. Aliyepigwa hakuulizwa wala hakupewa nakala, na mara nyingi maandishi ya chini yalitaja mtambo yakamsahau aliyeuendesha. Hata picha zilizopigwa kwa ajili ya kumtetea Mkongomani zilifuata njia hiyohiyo. Mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha za ukatili wa utawala wa Leopold wa Pili mwanzoni mwa karne ya 20, zikaonyeshwa kwa slaidi za vioo zilizomulikwa na taa kwenye kumbi za Uingereza na Marekani. Na mwandishi Mark Twain, katika kijitabu chake cha mwaka 1905 cha kumkejeli mfalme huyo, akaifanya kamera kuwa shahidi asiyehongeka. Picha hizo zilichangia kuung'oa utawala binafsi wa mfalme mwaka 1908. Lakini zilipigwa ili zitazamwe mbali, na huko mbali ndiko zilikobaki. Mkongomani alikuwamo ndani ya picha, ila hakuwamo katika mazungumzo kuhusu picha.

Ndiyo maana kusoma picha ni kazi, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Chukua mfano mmoja. Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ana kazi ya mwaka 2013 inayopanga pamoja picha za mji zilizopigwa kutoka angani na picha za masanduku ya wadudu waliochomwa pini kwa ajili ya makumbusho. Pembeni yake aliweka picha ya kale ya miaka ya 1920, inayohusu kampeni ya kuua nzi mjini Élisabethville. Ukiitazama bila maelezo unaona tu juhudi za usafi, labda unatabasamu. Ukielezwa kwamba mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi hamsini ndipo apewe posho yake ya chakula, tabasamu linakauka. Halafu unatazama tena zile picha za angani. Unaona ukanda uliotenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika, ukanda ambao wakubwa wa wakati huo waliutetea kwa hoja ya kuzuia malaria, na unatambua kwamba nzi, mbu na mtu mweusi viliwekwa katika daftari moja. Hakuna kamera mpya inayoweza kumfundisha kijana jambo hilo. Linafundishwa na picha ya zamani, pamoja na mtu anayejua habari zake, pamoja na wasikilizaji ambao bado wanaishi juu ya ramani ileile. Mkazi wa Kamalondo au wa Kenya (hii ni komuni ya Lubumbashi, si nchi jirani) hahitaji mtaalamu wa kumwambia ukanda ule ulipita wapi. Anauvuka.

Kilichowafanya vijana wa Lubumbashi wazigeukie picha za kale ni kuanguka kwa kampuni yenyewe. Union Minière ilitaifishwa, na kuanzia 1971 ikajulikana kama Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka. Siasa zikachafuka, mitambo ikachakaa bila vipuri, mishahara ikachelewa kwa miezi mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umebaki kama mabaki ya sufuria. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini katika zoezi lililopewa jina la kuondoka kwa hiari. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa makapi ya shaba vikabaki vimesimama juu ya mji kama saa iliyoacha kugonga. Kizazi cha Baloji kilikulia chini ya bomba hilo, kikisikia kwa wazee habari za maziwa ya watoto, unga wa kila juma na mpira wa Jumapili, huku chenyewe kikiona kutu.

Jibu la Baloji lilikuwa mfululizo wa picha alioupa jina Mémoire, uliokamilika mwaka 2006. Baloji alipiga picha za magofu ya viwanda kwa rangi, kisha akakata watu kutoka kwenye picha za kale za nyaraka za kampuni, zisizo na rangi, akawasimamisha ndani ya magofu hayo: wafanyakazi, wasimamizi wa Kibelgiji, wakubwa wa ziara. Hakuwafunika waliokufa kwa huruma wala hakuwafanya mashujaa. Aliwarudisha kazini tu, mahali walipopaacha, waone kilichotokea. Mwaka 2007 alishinda tuzo mbili kwenye maonyesho makubwa ya upigaji picha wa Afrika yanayofanyika Bamako tangu 1994. Angeweza kuishia hapo, achukue ndege aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, mwaka 2008, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao wengine, alianzisha Lubumbashi chama na tamasha la picha na video ambalo baadaye lilikua likajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Chama walikiita Picha. Jina hilo si dogo. Katika mji ambao ofisi, shule na katalogi za sanaa huandikwa kwa Kifaransa, walichagua neno ambalo mama anayeuza mkaa sokoni hulitumia bila kufikiri, na ambalo lina maana ileile ukivuka Ziwa Tanganyika ukafika Kigoma.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanaosifu Picha hulipita haraka. Chama hicho hakikupanda mbegu kwenye jangwa. Lubumbashi ilikuwa tayari na desturi yake ya kutazama picha kwa pamoja, na desturi hiyo ilikuwa na jina la Kiswahili: ukumbusho. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Katanga waliuza kwa watu wa mitaani michoro ya kutundika sebuleni: askari wa Koloni ya Ubelgiji akimchapa mfungwa, Lumumba akikamatwa, mamba muntu mwenye mkia wa samaki. Mchoro haukununuliwa kwa urembo pekee. Ulinunuliwa ili mgeni akiingia aulize, na mwenye nyumba apate kusimulia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947 na kuchora mara nyingi juu ya magunia ya unga, aliichora historia nzima ya Kongo katika michoro zaidi ya 100 na kuieleza mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Kuanzia mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, uliwaomba wakazi walete vitu vya nyumbani na kumbukumbu zao, vikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya mji. Kwa hiyo kijana wa Picha aliposema picha ya kale ni kisa cha kusimuliana, hakumfundisha mzee jambo geni. Alimkumbusha tu kwamba picha ya kampuni nayo inaweza kufanywa ukumbusho.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni ya karne iliyopita. Leo kila kijana ana simu yenye kamera, kila arusi na kila kilio vina mamia ya picha, sasa kuna haja gani ya kuzungumza habari za nyaraka? Wengine watataja mifano ya kugawa kamera iliyofanikiwa. Mfano wao mzuri kuliko yote uko Nairobi: mwaka 1997 vijana wa Mathare, kupitia chama cha michezo cha vijana cha mtaa huo, walipewa kamera ndogo katika mradi wa Shootback, wakapiga picha za maisha yao zikatoka kitabu. Sipingi mafanikio hayo. Ila tazama nini kilidumu. Mmoja wa vijana wale, Julius Mwelu, akawa mpigapicha wa kazi, kisha akarudi Mathare kuwafundisha watoto wengine. Kilichodumu ni mtoto wa mtaa aliyegeuka mwalimu na mwenye nyaraka za mtaa. Kamera zenyewe za 1997 hazitumiki tena. Nazo simu zinathibitisha hoja yangu kuliko kuipinga. Wingi wa picha haukumfanya mtu yeyote azimiliki zaidi. Simu ikiibwa au ikianguka majini, miaka mitano ya familia inakwenda nayo, wakati ile picha moja ya mwaka 1958 ya babu amevaa suti studio ingali ukutani. Tumekuwa na picha nyingi na ukumbusho mchache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kazi za Baloji zinaonyeshwa na kununuliwa Ulaya na Marekani, na biennale huwavutia wasimamizi wa maonyesho wanaoruka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mtu wa komuni ya Katuba anayehangaika na bei ya unga wa bukari amepata nini? Kuna ukweli humo, na mpenda sanaa anayeukataa ajiulize mara ya mwisho lini alimwona fundi baiskeli kwenye ufunguzi wa maonyesho. Lugha ya maandishi ya ukutani bado ni Kifaransa, mara nyingine Kifaransa cha chuo kikuu ambacho hata mwenye diploma humeza kwa shida. Hilo ni kosa la kweli na linarekebishika kwa gharama ndogo, maana Kiswahili kipo na jina la chama ndilo hilo. Lakini ukisema kwamba sanaa hii haimhusu maskini kwa sababu tajiri ameipenda, unamnyima maskini mara mbili. Katika kazi zake za Kolwezi, zilizofanyika kati ya 2009 na 2011, Baloji aliweka picha za machimbo na makambi ya wachimbaji wadogo sambamba na mabango yenye rangi kali yanayotoka China, yale ya nyumba za kifahari, maporomoko ya maji na bustani ambazo hazipo duniani. Mabango hayo ni picha ambazo mchimbaji mwenyewe amezichagua, akazilipia kwa jasho lake na kuzitundika. Mtu anayelala chini ya turubai na bado akanunua bango anajua vizuri picha ni ya nini. Wanaohitaji kufunzwa ni wale wanaokwenda Kolwezi kwa siku tatu, wanampiga picha mtoto mwenye matope mkononi na jiwe la kobalti, kisha wanaondoka. Picha zao zimeenea ulimwengu mzima, na kama zile za Alice Harris, zimefanya kazi fulani ya haki. Kama zile za Harris, hazirudi.

Pingamizi la tatu hutolewa kwa sauti ya chini, na wazee wa kambi ndio hulitoa. Kwa nini kufukua? Picha za Union Minière zina fimbo ndani yake, zina namba badala ya majina, na nyuma yake kuna Desemba 1941, pale wafanyakazi waliogoma walipomiminiwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Wengine wana sababu iliyo kinyume kabisa: wanazipenda picha hizo kupita kiasi. Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja Bana Shaba kama watoto waliotelekezwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Mtu aliyekuwa na nyumba, zahanati na shule ya bure, halafu akakosa vyote, akiona picha ya kambi safi ya mwaka 1955 hulia kwa kutamani irudi. Hatari ya picha za kale Lubumbashi kwa kweli ni hii ya pili. Picha ya kampuni ilipigwa ili isifu, na bado inasifu, hata baada ya aliyelipia sifa hizo kuondoka. Dawa yake ni kuitazama ikiwa pamoja na nyingine, na mbele ya watu wenye kumbukumbu zisizofanana: aliyekula posho, aliyekatwa posho, mke ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Picha moja ikiwa peke yake hudanganya kirahisi. Kumi zikiwekwa mezani mbele ya wabishi kumi, uongo unapata shida. Georges Senga, mpigapicha mwingine mzaliwa wa Lubumbashi, alifanya jambo linalokaribiana na hilo alipoziweka picha za nyaraka za Lumumba sambamba na za mwalimu mmoja Mkongomani anayefanana naye na kuishi kwa kumkumbuka. Lumumba aliuawa nje ya mji huu tarehe 17 Januari 1961. Senga hakupiga picha ya kifo hicho; alipiga picha ya jinsi mtu anavyokibeba.

Sitaki nionekane nadai kwamba Picha imemaliza kazi. Toleo la sita la biennale, mwaka 2019, liliongozwa na Sandrine Colard, mtafiti wa historia ya upigaji picha katika Kongo ya kikoloni, na la saba, mwaka 2022, likachukua sumu kuwa mada, jambo ambalo mtu anayeoga maji ya Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Ni hatua za maana. Lakini tamasha linakuja na kupita, na kati ya tamasha na tamasha mpigapicha wa mtaani bado ana vikwazo vyake. Enzi za Mobutu kupiga picha hadharani kulihitaji kibali, na tabia ya hofu iliyozaliwa wakati huo haijafa. Anayeelekeza kamera kwenye daraja, uwanja wa ndege au jengo la serikali anajitafutia kesi, na mara nyingi kesi yenyewe ni ya kumtoa fedha mfukoni. Mtu hawezi kuupenda mji wake kwa kamera ikiwa kila kona inamhoji. Studio za mtaani zilizopiga pasipoti, komunyo ya kwanza na arusi za miaka ya 1960 hadi 1990 zimekuwa zikifungwa, na negativu zinapokosa mwenye kuzirithi huishia kwenye takataka. Hizo ndizo picha pekee za enzi ile ambazo aliyepigwa alizilipia mwenyewe na kusimama alivyotaka asimame. Nyaraka za kampuni zina walinzi; hizi hazina.

Kwa hiyo anayependa upigaji picha na kutaka kuushirikisha mji, Lubumbashi au kwingine, angeanza kwa bei nafuu kuliko anavyodhani. Skana moja, meza, viti, na tangazo kwa Kiswahili: leteni picha zenu, tutazinakili na kuwarudishia zenyewe hapohapo. Wenye nyaraka kubwa, Gécamines mjini na Makumbusho ya Afrika ya Kati kule Tervuren, Ubelgiji, watoe nakala zikae kwenye ofisi za komuni, Ruashi na Kampemba na Katuba, mahali ambapo mtu huingia bila kuvaa viatu vya kuendea makumbusho. Mafunzo ya kamera yafuate baadaye, na yatakuwa na jambo la kufundisha. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha ya mzee aliyefanya kazi Union Minière au Gécamines, itoe leo kwenye fremu, uandike nyuma yake kwa penseli jina lake kamili, kambi aliyoishi na mwaka. Muulize bibi kabla ya kuandika. Waliowajua hao watu wanapungua kila mwaka.